Baiskeli ya Kipimo cha Ngari

Ngari alikuwa kiguu na njia, mtu wa kukaa hakuwa kamwe. Jumamosi ile, kabla hata chai haijachemka, alikuwa ameshakagua tairi mara tatu, amepangusa vioo vilivyokuwa safi tangu jana, na amepiga honi kuijaribu hadi jirani akafungua dirisha. Baiskeli ilikuwa tayari kwenda kuuzwa. Mwenyewe ndiye hakuwa tayari, ila hilo hakumwambia mtu.

Hapa Kitale baiskeli hiyo ilijulikana kuliko yeye. Ilikuwa baiskeli ya kulala: unaegemea kiti kama mtu aliye kwenye kochi, miguu unainyoosha mbele, pedeli ziko juu huko mbele ya gurudumu. Ngari, fundi wa kuchomelea vyuma, aliiunda mwenyewe miaka sita iliyopita, mgongo ulipokataa katakata baiskeli za kawaida. Kiti alikitoa kwenye gari bovu. Kila kiungo alikichomelea. Mafundi wenzake walipomshauri aache pedeli na nafasi ya kusogezwa mbele na nyuma kwa bolti, aliwacheka. Bolti, alisema, ni za watu wasiojua wanachotaka.

Na kweli ilimfaa. Alifika nayo Kimilili, akafika Lugulu, akazurura kila barabara ambayo mguu wake ulitamani. Kisha jicho la kulia likaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba upande ule giza linaingia kidogo kidogo na halitarudi nyuma. Sasa fikiria mtu aliyelala chini vile, barabarani, na magari yote yanampita upande huohuo wa kulia.

Mwezi wa sita lori la miwa lilimpita karibu mno likaivunja bendera yake, ile ndefu ya rangi ya machungwa inayowaonya madereva kwamba kuna mtu huku chini. Ngari alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Kabura, ati ni upepo. Kabura aliutazama mlingoti uliovunjika, akaona rangi ya lori juu yake. Tangu siku hiyo, Ngari akitoka na baiskeli, Kabura alikwenda kusimama langoni na kubaki papo hapo mpaka arudi. Maziwa yalimwagikia moto, kuku wakaingia jikoni, na mama wa watu amesimama tu. Wiki ya tatu Ngari alishindwa. Akaapa kwamba mwezi hautaisha kabla hajaiuza.

Binti yao Wangechi akaweka tangazo mtandaoni: baiskeli ya kulala, imetumika, haina kasoro, pamoja na vioo viwili, honi, taa ya dainamo, mikoba miwili ya turubai, pampu na bendera mpya. Vijana wakafurahi sana. "Niaje mzee, hiyo inakuja na shuka ama tujiletee?" mmoja aliandika. Waliokuja kuiona kwa kweli walikuwa wanne. Mmoja miguu yake ilikuwa mirefu, magoti yakamgonga kidevu. Watatu hawakuzifikia pedeli. Ngari aliwaambia wote kwamba fremu haikatwi, ikikatwa itakosa nguvu, na kila mmoja alipoondoka moyo wake ulitulia kwa dakika kama kumi hivi. Halafu alimwona Kabura langoni, akaanza tena kuzunguka uani.

Wa tano alipiga simu kutoka Bungoma. Aliitwa Makokha, karani, akaitaka baiskeli kwa ajili ya mkewe Rosaline, mwalimu aliyevunjika nyonga kwa ajali ya pikipiki miaka mitatu nyuma. Mguu haukuweza tena kupanda juu ya baiskeli ya kawaida. Kwenda shule alikuwa akibebwa, kurudi akibebwa.

"Ni mrefu?" Ngari aliuliza.

"Wa kawaida tu, mzee. Wewe ilete, tutaona."

Ngari alijua vizuri kabisa maana ya wa kawaida tu. Akakubali vilevile, maana siku za kiapo zilikuwa zimebaki mbili.

Jumamosi hiyo Kiptanui, mwenye pikapu ya kabichi, aliibeba baiskeli na mwenyewe. Njia nzima Ngari alikuwa akigeuka kuangalia kama kamba imekaza, hata Kiptanui akamuuliza kama huko nyuma wamembeba mgonjwa.

Rosaline alikuwa akimngoja uani kwake, karibu na Mabanga, ameegemea fimbo. Hakucheka alipoiona. Aliizunguka polepole, akagusa mikoba, akauliza kama daftari za darasa zima zinaingia. Kisha akageuka, akajishusha kwenye kiti bila kuinua mguu wowote, akaegemea. Makokha aliangalia kando, akajifanya anakohoa.

Rosaline akanyoosha miguu. Ncha za viatu vyake ziliishia shibiri nzima kabla ya pedeli.

"Hazifiki," alisema.

"Pole, mwalimu," Ngari akasema, na ile raha yake ya siri ikaja kama kawaida. "Fremu hii haikatwi. Ikikatwa itakosa nguvu."

"Wewe ni fundi wa nini, mzee?"

"Wa kuchomelea."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Na si bomba ni hili moja tu?" Alilipiga bomba la mbele kwa fimbo yake. "Hivi kweli umekuja kuniuzia, ama umekuja kunionyesha?"

Ngari alitazama gurudumu, akatazama lango la watu, akaona aibu kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya sukari. Mwanamke huyu amekaa miaka mitatu akingoja kubebwa, naye Ngari amesafirisha uongo wake kutoka Kitale kuja kumwekea mbele yake.

"Fundi wa hapa yuko wapi?" akauliza.

Karakana ya Khaemba ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ngari aliazima grinda, akaweka alama ya chaki, akapiga moyo konde akakata. Cheche zilimrukia kifuani. Kipande cha bomba cha shibiri moja kilianguka chini kikabingirika, na yeye mwenyewe akakiokota. Akapunguza cheni, pingili thelathini na mbili. Kisha akavaa miwani ya kuchomelea, akashika koleo la umeme, akawasha.

Alipovua miwani, Khaemba alikuwa akikitazama kiungo. Mshono wa kuchomelea ulikuwa umelala pembeni ya kiungo, juu ya chuma kitupu, umeenda zake. Ngari aliuinamia, akageuza kichwa ili autazame kwa jicho zima. Akaelewa kwamba si barabara peke yake. Ni kazi pia, na amekuwa akijidanganya nyumbani na karakanani. Hofu ilimshika hasa, hofu ya kukaa kwenye kiti uani na kungoja giza limalize kazi yake.

"Lete, mzee," Khaemba alisema kwa upole. "Wewe shika bomba tu."

Ngari akalishika.

"Msilifunge moja kwa moja, bana," Rosaline akasema kutoka mlangoni. "Wekeni bolti. Huu mguu leo uko hivi, kesho sijui."

Khaemba alimtazama Ngari. Ngari akasema, "Weka bolti. Mbili."

Rosaline aliyumba mara ya kwanza, akayumba ya pili, ya tatu akashika njia ya kuelekea shuleni. Makokha alimkimbilia nyuma, mikono mbele. Baada ya hatua chache alisimama, maana hakuwa na cha kushika. Bendera ya machungwa ilikata kona ikapotea. Walingoja muda mrefu, na Ngari peke yake ndiye aliyejua kwa nini Rosaline hakuharakisha kurudi.

Jioni Ngari alitembea kwa miguu kutoka stendi ya Kitale, kile kipande cha bomba mfukoni mwa koti. Alipofika langoni hakuona mtu. Ilimuuma kwamba siku hii ambayo angemwambia neno zuri, ndiyo Kabura hakusimama. Akanyoosha mkono kufungua komeo, na mkono mwingine ukamshika kiwiko, upande wa kulia.

"Nilikuwa hapa tu," Kabura alisema.

Ngari aligeuza kichwa chote ndipo akamwona.

"Umeuza, Baba Wangechi?"

"Nimeuza."

"Na kesho utakaa?"

"Sitaweza, Mama Wangechi. Nakuambia ukweli. Kukaa sitaweza."

Kabura hakumwachia kiwiko. Alifungua lango kwa mkono wake mwingine.

"Basi nitavaa raba," alisema, "na nitatembea upande huu."