Aliyembebea Khan Bendera

Wanaume wa kwetu wakifika mbele ya sanamu ya Abilai Khan, mtawala wetu wa kale, hugeuka watoto. Waangalie Jumamosi yoyote hapa mjini Kokshetau, maharusi wanapopishana kupiga picha: bibi harusi anatetemeka kwa upepo, mpiga picha anafoka, na baba za maharusi wamesimama pembeni wakibishania babu wa nani alikula sahani moja na Khan. Ukiwasikiliza wote utaamini Khan hakuwa na askari hata mmoja. Alikuwa na majemadari watupu.

Siku ya wifi yangu Kunikei haikuwa tofauti. Nikahi ilikuwa imefungwa msikitini asubuhi na karamu ilikuwa ya jioni, farasi wa kitoweo amekwisha chinjwa. Mimi, mke wa kaka yake, ndiye niliyekuwa naye tangu alfajiri, nikimbebea mkia wa gauni na kumtishia asilie akaharibu wanja. Kumbe vitisho vyangu havikuwa na kazi. Alikuwa amempenda Madiyar tangu wakiwa chuoni, na asubuhi nzima alikuwa akicheka peke yake.

Baba mkwe wangu, Tolebek, alikuwa amekunywa shampeni kidogo, ingawa yeye hahitaji kinywaji ili aseme. Alimfuata mzee Beisen, babu yake Madiyar, aliyekuwa ameketi kwenye benchi chini ya sanamu, ameegemea mkongojo. Tulipokwenda kuposana mzee huyo alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo hawa wawili walikuwa hawajapata kutaniana, na kwetu wakwe wasiotaniana huonekana wana ugomvi.

Baba mkwe akamwonyesha Khan pale juu. Akasema babu wa ukoo wetu sisi Waatigai ndiye aliyembebea Khan bendera vitani, tena alipigwa mshale wa paja na hakuiangusha. Kisha akainama kwa adabu ya uongo.

"Na nyie Wakerei siku hiyo mlikuwa wapi, mkwe? Nasikia mlibaki nyuma mnakamua mbuzi."

Watu wakacheka, hata Madiyar. Mzee Beisen peke yake hakucheka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Bendera ya Khan ilibebwa na Botakan," akasema. "Na Botakan ni damu yangu mimi."

"Botakan ni wetu, mzee. Hata babu wa watu mnaiba?"

"Sijamwiba. Mimi ni mwana wa Makash, uzao wa Botakan. Wakerei walinilea tu."

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda mchezo wa karata. Baba mkwe alikuwa bado anacheka. Kicheko kilimwishia mdomoni nikikiangalia.

Akamwuliza taratibu walimlea tangu lini. Mzee, bado akifurahia ushindi wake, akaeleza. Mwaka wa njaa ile kubwa mama yake alimkabidhi akiwa mchanga kwa mwanamke wa Kikerei kwenye stesheni ya treni, kwa kuwa yule alikuwa bado ana maziwa. Akamwachia na majina mawili, Makash na Botakan, ili mtoto asipotee kabisa. Mama mlezi alimpa majina hayo siku anakata roho, akamsihi asimwaibishe baba aliyemlisha. Mzee akanyamaza maisha yake yote. Hata mwanawe wa kumzaa, baba yake Madiyar, aliyekuwa amesimama pale na sahani ya maandazi mkononi, ndiyo kwanza anasikia. Ulimi hauna mfupa; siri ya maisha mazima imetolewa na utani wa mbuzi.

Nyumbani kwetu jina la Makash hata mtoto analijua. Alikuwa mdogo wake Orazbai, na Orazbai ndiye babu yake baba mkwe. Mke wa Makash aliondoka na kichanga mwaka ule ule wa njaa na hakuonekana tena. Bibi yetu akikaanga mikate ya marehemu kila Ijumaa huwataja wafu wote wa ukoo, ila mtoto wa Makash hamtaji, maana hakuna aliyeliona kaburi lake.

Tulipoposana tulihesabu mababu saba, wao wa kwao na sisi wa kwetu, hawakukutana popote. Makash ni ndugu wa pembeni, hakuwamo katika hesabu, na Botakan ni babu wa nane, hakuna aliyemfikia. Imamu angeweza kumwozesha mtu hata binamu yake, dini haikatazi. Lakini kwetu wanaokutana kabla ya babu wa saba ni ndugu, na ndugu hawaoani, jambo hilo halijadiliwi. Na hawa watoto wetu walikuwa wamekutana kwa babu wa nne.

Mpiga picha, aliyekuwa mbali na hajui lolote, akawaambia maharusi wabusiane.

Madiyar alikuwa na mkono kiunoni mwa Kunikei, na nilimwona akiuondoa polepole, halafu akaurudisha kwa nguvu kama mtu anayebisha. Baba mkwe akamsogelea mzee, akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama paji, pua, kidevu. Baba mkwe wangu huyu sijapata kumwona analia, hata tulipomzika baba yake.

"Baba mdogo," akasema. "Tumekutafuta."

Mzee Beisen akatabasamu kwa furaha. Miaka themanini hana ndugu wa damu, na sasa amepata. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la baba mkwe, yakamwona mjukuu wake na lile gauni jeupe. Nikaona akili yake ikifika pale sisi wengine tulipokwisha kufika.

Akajitoa mikononi mwa baba mkwe. Akasema amedanganya. Hadithi yote ya stesheni aliisikia kwa mlevi mmoja sokoni, yeye ni Mkerei wa kuzaliwa, alitaka tu kumfunga mdomo mkwe wake. Baba mkwe aliudaka uongo ule kama mtu anayezama. Akacheka kicheko kibovu, akasema alijua tu, Wakerei na uongo ni chanda na pete. Baba yake Madiyar naye akacheka. Akasema nikahi imekwisha fungwa, wageni wako njiani, twendeni tukale. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kukunja mkia wa gauni ili tuondoke. Niliutaka uongo ule kuliko wao.

Kunikei hakuondoka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya benchi.

"Babu," akasema, "tubariki kwanza. Kwa roho za mababu zako."

Mzee akafungua viganja. Sote tukafungua vyetu, kwa kuwa ndiyo desturi. Akaanza, "Enyi mababu zangu," akakwama. Kwetu mwanamume anaweza kumdanganya polisi, mkewe, hata imamu, ila viganja vikiwa wazi hawaiti wafu wasio wake. Mikono yake ikaanguka mapajani. Alilia bila sauti, mdomo wazi.

"Basi, babu," Kunikei akasema. "Imetosha."

Akasimama. Hakuwa na hata chozi, na mimi niliyemkataza kulia asubuhi nilitamani sasa alie. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na njaa ile, na wanaume na majigambo yao, na Khan mwenyewe huko juu aliyehitaji bendera. Madiyar alikuwa anarudia jina lake tu, Kunikei, Kunikei. Kunikei akampa mkono. Alimpa yote miwili, akaushika wa Madiyar katikati, tunavyowaamkia ndugu waliotoka mbali.

"Kaka Madiyar," akasema, "msaidie babu ainuke. Twendeni naye nyumbani."

Upepo ulikuwa ukimpigia Kunikei shela usoni, na Madiyar hakunyoosha mkono kumwondolea.

"Haya, dada," akasema.