Ekzosi ya Mabomba Manne

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kumiminika Bariadi kutafuta pamba, Mayige alikuwa ameshapunguzwa kazi ya udereva kwenye chama cha ushirika, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeishia kwenye pikapu moja kuukuu yenye rangi ya maziwa. Zamani pamba ilikaa ghalani ikimsubiri dereva; akija leo, akija wiki ijayo, ni ile ile. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Januarius, tajiri aliyempa kazi ya kusomba, alikuwa na neno moja tu la kumwambia kila asubuhi.

"Wahi. Ukichelewa utakuta mzani wa mwenzako."

Msimu ukiwa ndio kwanza unachanganya, pikapu ikapasuka ekzosi. Si lile bomba la nyuma. Ni kichwa chake, kile chuma kinachobanwa ubavuni mwa injini ili kikusanye moshi. Mayige na Bundala waliisukuma mpaka gereji ya Kristofa, nyuma ya soko, wakafika wamejaa masizi mpaka masikioni.

Bundala alikuwa kaka yake Felisita, mke wa Mayige. Ndiye aliyepakia magunia, akayafunga kamba, kisha akapanda kukaa juu yake safari nzima. Mashemeji hawa hawakukosa la kutaniana. "Ulipokuja kumposa dada yangu nilidhani una ng'ombe," Bundala alipenda kusema mbele za watu, "kumbe ulikuwa na leseni tu."

Kristofa alitandika gunia chini ya kivuli cha bati, akaweka juu yake vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kichwa cha chuma cha kusubu, kizito, chenye kutu, kilichotolewa kwenye gari lililopinduka. Cha pili kilikuwa mabomba manne membamba yaliyopinda kama vidole, yakikutana chini kuwa bomba moja, yote yamepakwa rangi ya fedha. Salu, muuza spea, alikuwa amekileta kutoka Mwanza. Vitu vya namna hiyo ndiyo vilikuwa vimeanza kuonekana madukani. Kabla ya hapo hata kuviota usingeviota.

"Hiki cha chuma kitakaa kimya na kitadumu," Kristofa alisema. "Hiki cha mabomba, kila silinda inatoa moshi wake peke yake, injini inapumua. Utaona nguvu mlimani. Ila sailensa yako haiingii hapa, matundu hayalingani. Nitaikata, utembee bila hiyo mpaka uagize nyingine Mwanza. Itapiga kelele."

"Kelele kiasi gani?"

"Kelele."

Mayige aliyanyanyua yale mabomba. Yalikuwa mepesi kuliko alivyodhani. Aliyageuza, akayapangusa vumbi kwa mkono wa shati, akamtazama shemeji yake.

"Unasemaje?"

Bundala hakuyatazama sana mabomba. Alitazama paa la pikapu. Kila mpakiaji aliongea na dereva wake kwa kuligonga: mara moja, punguza mwendo, mara mbili, simama.

"Huko juu tutasikilizana?" aliuliza.

Mayige alicheka. "Kwa mkono wako huo? Ukigonga wewe, hata marehemu anaamka."

"Haya. Chagua wewe unayeshika usukani."

Basi yakafungwa mabomba manne. Mayige alipowasha gari, kuku wa jirani walitawanyika na wacheza bao wote wakasimama. Bundala naye alipiga makofi. Na nguvu ilikuwapo kweli. Kile kilima cha kuingilia mjini, ambacho siku zote walikipanda kwa gia ya kwanza wakimwomba Mungu, sasa walikipanda kwa ya pili. Vijijini watu walilisikia gari kabla halijaonekana. Akina mama wakatoa pamba barabarani, na mnunuzi mwingine alipofika alikuta wanakung'uta magunia. Januarius akaanza kumwita Mayige "bwana mkubwa".

Nyumbani, Felisita aliona jambo jingine. "Siku hizi unaongea kwa kupaza sauti," alimwambia wakati wa kula. "Niko hapa mbele yako, baba Anna. Hiyo sailensa umeagiza?"

"Nitaagiza. Pamba ikipungua kidogo."

Alimwuliza tena baadaye, akapata jibu lile lile. Haikuwa uongo, Mayige alikusudia kweli. Lakini Salu alipopita akienda Mwanza, Mayige alikuwa Lagangabilili kusomba pamba, na Salu aliporudi, Mayige alikuwa njiani. Na ukweli mwingine, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba ngurumo ile ilikuwa inampendeza. Tangu alipopunguzwa kazi alikuwa amejiona mtu wa kupitwa. Sasa alipopita, watu waligeuka.

Siku yenyewe walikuwa wanatoka Lagangabilili mchana, mzigo umepanda kuliko kawaida, magunia yametokeza pembeni mpaka vioo vikawa havionyeshi kitu. Nyuma yao lilikuja lori la mnunuzi mwingine, nalo limejaa, na Mayige hakutaka lifike mbele yake jineri, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikanyaga mafuta. Vumbi likaingia kabini, ngurumo ikajaa mle ndani, naye akawa anaimba bila kuisikia sauti yake mwenyewe.

Pale barabara inapoteremka korongoni gari liliruka kidogo, likatua, likapanda ng'ambo bila kusita. Mayige aliisifia injini. Ng'ambo kulikuwa na shamba, na watu waliokuwa wakivuna waliacha kazi, wakasimama, wakapunga mikono. Mayige aliwapungia. Mbele kidogo wengine walikimbilia barabarani wakipunga, akawapungia na hao, akapiga na honi.

Aliyemsimamisha alikuwa mwanamke mmoja aliyejiweka katikati ya barabara na kikapu chake kichwani, asisogee. Mayige alifunga breki, akazima gari kwa hasira.

"Mayu, unataka kufa?"

"Mtu wako ameanguka," yule mama alisema. "Kule korongoni. Tumekupungia wote."

Mayige alishuka akatazama juu. Kamba ilikuwa inaning'inia upande mmoja. Magunia ya mbele hayakuwapo, na juu ya mzigo hapakuwa na mtu.

Alirudi kwa miguu, mbio, gari akaliacha pale pale. Alimkuta Bundala amelala kwenye mchanga, gunia moja limepasuka kando yake, pamba imetapakaa mpaka kwenye miiba. Watu wa lori la nyuma walikuwa wamemtolea gunia jingine miguuni. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini macho yalikuwa wazi.

"Nilikugongea, shemeji," Bundala alisema. "Kamba ililegea kitambo. Nimegonga mpaka mkono umechubuka."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetoa taarifa. Mayige aliutazama mkono ule. Ngozi ya vifundo ilikuwa imetoka.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Ikaunga vibaya, na baada ya kulala hospitalini muda mrefu Bundala alirudi kwao Mkula akitembea kwa fimbo, mguu mmoja ukimfuata mwingine kwa shida. Kazi ya kupanda juu ya mizigo ikawa imekwisha. Felisita hakumlaumu mumewe kwa mdomo. Aliacha tu kumwuliza habari za gari.

Mayige alimrudia Kristofa akitaka kile kichwa cha chuma. Kilikuwa kimeshanunuliwa na mtu wa Ipililo. Kuiwasha tena na yale mabomba hakutaka, basi pikapu ikalala msimu wote uliobaki, Januarius akatafuta dereva mwingine, na chuma kingine kilipopatikana mvua zilikuwa zimeanza.

Ndipo akaenda Mkula. Bundala alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, akipukuchua karanga.

"Mwadila, shemeji," Mayige alimsalimu.

"Mwadila. Karibu. Felisita hajambo? Watoto?"

Kabula, mke wa Bundala, akaleta sahani ya michembe, viazi vilivyokaushwa, na karanga. Wakala. Mayige alingojea utani, hata ule wa leseni, haukuja. Bundala alikuwa mpole na mwenye adabu, kama anavyokuwa mtu kwa mgeni.

"Naomba nikuulize," Mayige alisema mwishowe. "Siku ile gerejini. Ungechagua wewe, ungechukua ipi?"

"Ya chuma," Bundala alijibu papo hapo.

"Sasa mbona hukusema?"

Bundala alitafuna kwanza, akameza.

"Uliniuliza umeshaipakata ile nyingine, unaifuta vumbi. Ningesema nini, shemeji?"

Neno pole Mayige alikuwa amelisema hospitalini, akalirudia siku ya kumleta nyumbani, na sasa alipolitafuta aliliona limechakaa, halibebi kitu. Bundala ndiye aliyeigeuza habari, akauliza kama Bariadi wameshapanda mahindi. Mayige akasema ndiyo, wengine wameshapalilia.

Alipoaga, Bundala alishika fimbo akainuka ili amsindikize. Mayige alitaka kumwambia akae, asijisumbue. Akaona kwamba hata hilo lingekuwa kumwamulia. Wakaanza kutembea kuelekea barabarani, kwa mwendo wa Bundala.