Uchovu wa Maximilla

Maximilla aliacha shule darasa la sita ili mdogo wake, Tom Oketch, asome. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyejitwika beseni akaenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga. Kwa omena hiyo Tom akafika chuoni, akawa fundi wa maabara katika hospitali moja mjini Kisumu. Basi mwaka 1991, dada yake alipopatikana na ugonjwa wa sukari, Tom aliapa kwamba hatamwacha ateseke.

Alimtunza, lakini kwa ukali.

Mwaka uliofuata miguu ya Maximilla ilianza kuvimba. Tom mwenyewe ndiye aliyeuchemsha mkojo wake kwenye kibomba cha kioo, akauona ukiganda kama ute wa yai. Hiyo ilikuwa dalili kwamba figo zilikuwa zinaharibika. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi na atembee kidogo kila siku. Tom akalishika hilo la kutembea. Kila asubuhi alipitia kwa dada yake na kumkuta bado kitandani.

"Amka, dada. Ukijilaza hivi sukari itakumaliza."

"Nimechoka, Tom. Hata beseni siwezi kuinua."

"Umelala tangu jana jioni! Umechoshwa na nini? Huo ni uvivu tu."

Maximilla aliinuka kitandani. Alijifunga leso wakatoka, akisimama mara kwa mara kushika nyua za watu. Siku moja Tom alilirudia neno hilo, uvivu, mbele ya wachuuzi wenzake Maximilla. Walicheka. Maximilla naye akacheka kidogo, akitazama chini.

Mwaka 1993 alikuja mtafiti, Daktari Wakoli, akiwachunguza wagonjwa wa sukari ambao figo zao zilizidi kudhoofika. Alihitaji kipande kidogo cha msuli wa paja. Maximilla alikubali kwa sababu aliyemwomba ni Tom. Miezi minne baadaye Wakoli alimwita Tom ofisini.

"Ndani ya seli kuna vitu vidogo mno, mitokondria," alisema. "Ndivyo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Kwa hawa wagonjwa, figo zinavyozidi kuharibika, navyo vinalegea. Vya dada yako ndivyo vilivyolegea kuliko vya wote. Sijui alikuwa anatembeaje."

"Nilikuwa namlazimisha."

"Kutembea siko kulikoharibu figo zake. Lakini alipokwambia amechoka, alikuwa anasema kweli."

Tom alikwenda moja kwa moja wodini. Maximilla alikuwa amelazwa wiki nzima, uchafu umejaa kwenye damu, akili ikija na kupotea. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa Nairobi, na zamu yake ilikuwa haijafika.

"Dada, nisamehe," Tom alisema, akipiga magoti kando ya kitanda. "Ulikuwa umechoka kweli."

Maximilla aliisikia sauti, maneno hakuyashika. Akaanza kuvuta blanketi.

"Naamka, Tom. Usikasirike. Leso yangu iko wapi?"

"Hapana, dada. Lala. Pumzika."

Alimshika mabega, lakini Maximilla aliendelea kuitafuta sakafu kwa miguu yake iliyovimba, mpaka nguvu zikamwishia.

Alifariki Jumamosi. Wakamzika nyumbani kwao, karibu na Pap Onditi. Baada ya mazishi mchuuzi mmoja kutoka Dunga alimshika Tom mkono.

"Ulimtunza dada yako, bwana. Kila asubuhi tulikuwa tunawaona mkitembea."

"Alikuwa amechoka kweli," Tom alimjibu, "nami nikamwita mvivu."