Nyumba ya Mataruma

Wakiuru alisikia vyuma vikigongana kabla hajafika nyumbani kwao. Alikuwa ametoka Makindu, ambako baba yake, Mzee Thuo, alilazwa kwa ugonjwa wa kifua, na alikuwa amekuja Kibwezi kumchukulia blanketi. Alipopita ua wa minyaa, aliona mbingu mahali palipokuwa na ukuta.

Nyumba ile ilijulikana mji mzima. Haikuwa ya matope wala ya mawe. Thuo, aliyekuja kutoka Murang'a kufanya kazi ya reli kabla ya uhuru, alinunua mataruma yaliyochakaa, vile vyuma vizito vinavyolala chini ya reli, akayasimamisha wima moja baada ya jingine, kingo zake zilizopinda zikishikana zenyewe. Hakupiga msumari hata mmoja. Mafuriko ya mwaka wa sitini na moja yalipozibomoa nyumba za majirani, ile haikutikisika. Wakamba, Wakikuyu na Wasomali walibanana humo mpaka maji yakapungua.

Sasa mdogo wake Wakiuru, Kahiga, alisimama uani akiwaelekeza vijana waliopakia mataruma hayo kwenye lori la Daud, mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

"Kahiga, unafanya nini?"

"Tulia, dada. Mzee akitoka hospitali nataka apate nyumba ya watu." Alionyesha nyumba mpya ya mawe aliyoijenga kando, madirisha yake yaking'aa. "Ile ilikuwa tanuri. Mchana haikaliki."

"Umemuuliza?"

"Zawadi nayo inaulizwa?"

Wakiuru alienda mbele ya lori, akatandika leso yake mchangani, akaketi.

"Mwambieni dereva anikanyage."

Daud alishuka upesi. "Mama, mimi nimenunua kihalali."

"Wewe ndiwe wa kuniambia hivyo, Daud? Wakati wa mafuriko, mama yako alikupakata wapi?"

Daud alikuwa mtoto mchanga wakati ule, lakini alikuwa amesimuliwa. Alitazama viatu vyake. "Kwa Thuo."

"Basi unabeba nini hapo?"

Daud aliwaambia vijana washushe. Kahiga alipiga kelele kwamba walikuwa wamekubaliana, akamshika Daud shati, lakini vyuma vilishuka. Shehena ya kwanza tu haikurudi. Ilikuwa imeshaenda Mombasa.

Juma lililofuata Thuo aliletwa nyumbani. Wakiuru alingoja hasira ya mzee ije iungane na yake. Thuo alitazama rundo la chuma, akaingia nyumba mpya, akapapasa ukuta.

"Kuna ubaridi mzuri humu," alisema. "Asante, Kahiga."

"Baba! Husemi kingine?"

"Mama," alisema Thuo, ambaye alimwita Wakiuru hivyo kwa kuwa binti huyo alirithi jina la bibi yake, mamake Thuo, "ile niliijenga kwa sababu sikuwa na uwezo wa mawe. Nimeungua humo miaka mingi. Nimechoka."

"Haikuwa yako peke yako!" Hakuwa amewahi kumpazia baba yake sauti maishani. "Nyumba za mawe ziko kila mahali! Kama ile nitaenda kumwonyesha mtoto wangu wapi? Niambieni nyinyi wawili, wapi?"

Kahiga alimfokea aache kumsumbua mgonjwa.

"Isimamishe basi," alisema Thuo. "Lakini mimi silali humo tena."

Wakiuru hakurudi kwake. Alimtafuta Musembi, fundi wa pale sokoni, na Daud akaja mwenyewe kusaidia kuinua, mikono ya shati imekunjwa. Kahiga alipita karibu nao kila siku bila salamu. Vyuma vilivyobaki vilitosha chumba kimoja, na hicho pia nyuma kilibaki wazi.

Walipofika kwenye kona, taruma moja lilikataa kuingia mahali pake. Musembi alilisukuma, likaanguka. Akalisukuma tena.

Thuo alitoka na fimbo yake. "Mmeligeuza," alisema. "Mgongo uangalie nje."

Wakiuru hakumtazama. Bado alikuwa na hasira naye. Alishika upande mmoja, Daud upande wa pili, wakaligeuza. Likaingia.