Damu Iliyotolewa Jumatatu

Siku nyumba ya Anastasia ilipochomwa moto, Felista alikuwa mjini, Mafiga, kwa binamu yake, akisubiri majibu ya damu. Yote aliyoyajua aliyasikia kwa kaka yake Benedikto, aliyeshuka mlimani kesho yake, Alhamisi, kumsindikiza hospitali. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Alisimulia huku wanakunywa chai, kama mtu anayesimulia alivyoua nyoka.

Walikwenda yeye na jirani yao Maneno, na vijana wengine wa kijiji chao cha Mizugwe. Walimkuta Anastasia uani anapepeta maharage. Wakamwangusha, wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka mkono wa kushoto ukavunjika, wakimtaka aseme uchawi ameuficha wapi. Hakusema. Wakatia moto nyumba. Ndani mlikuwa na mbuzi amefungwa, akalia mpaka akanyamaza.

"Ni mama mdogo wetu, Beni," Felista alisema. "Yeye na mama ni tumbo moja."

"Ndiyo maana alijua pa kukushika. Amekushika tumboni."

Felista alikuwa na saratani ya vifuko vya mayai. Alishapasuliwa Dar, na sasa alikuwa akienda huko kutundikiwa dripu za dawa kali zilizompukutisha nywele na kumgeuza kucha nyeusi. Damu alikuwa anapima Morogoro. Mume hakuwa naye, na Benedikto ndiye aliyembeba mgongoni kutoka Mizugwe mpaka barabara ya magari, ndiye aliyemwaga ndoo za matapishi bila kukunja uso. Alimpenda dada yake kuliko watu wote, na mapenzi yake yalikuwa na mikono mizito.

Mchana ule waliingia pamoja kwa Daktari Hafidha, mama mmoja mpole asiyependa kuzunguka maneno.

"Uvimbe wako unamwaga kitu fulani kwenye damu," alimweleza Felista. "Hicho ndicho tunachopima. Ugonjwa ukikua, nacho huongezeka. Dawa ikifanya kazi, hupungua. Chako kimepungua zaidi ya nusu."

Benedikto aliinamisha kichwa magotini akalia mbele ya daktari bila haya. Walipotoka nje akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Umeona? Jana tumemchoma, leo damu imesafika."

Felista alihesabu siku. "Damu hiyo ilitolewa Jumatatu, Beni. Ninyi mmechoma Jumatano."

"Mchawi huanza kuachia akisikia watu wanapanga. Sisi tulianza kupanga Jumapili, baada ya misa."

Jibu Felista hakulitafuta sana, maana alikuwa amepewa uhai wake mkononi, na aliyekaa karibu naye akifurahi alikuwa kaka yake.

Kule mlimani kila aliyeulizwa kuhusu moto ule alisema hakuona. Binti yake Anastasia alimchukua mama yake akaenda naye Kilosa. Dripu ziliendelea, na kila kipimo kilipokuja kilikuwa kimeshuka. Benedikto akawa mtu wa kupishwa njia. Wanawake walimletea Felista njegere na karoti, wakamwambia ana bahati ya kuwa na kaka wa namna ile.

Mvua za masika zilipoanza, Anastasia alirudi. Mkono ulikuwa umepona umepinda. Alijenga kibanda cha miti palepale penye majivu, akaanza kulima matuta yake kwa mkono mmoja na nusu, bila kumsalimu mtu.

Na mwezi huohuo kipimo cha Felista kikapanda.

"Ugonjwa umeizoea dawa," Daktari Hafidha alisema. "Hutokea. Tutabadilisha dawa, kisha tutapima tena."

"Daktari, mtu mwingine anaweza kukipandisha?"

"Mtu gani?"

Felista alichukua dawa zake akaaga. Benedikto alikuwa anamngoja stendi ya Msamvu, na njia nzima Felista alijifunza uongo wake. Alipomfikia akasema, "Kimeshuka tena."

Benedikto alimtazama usoni, akatazama mikono yake iliyokuwa inakunja na kukunjua ncha ya kanga. Akapokea mfuko wake wa dawa. Wakapanda gari kurudi Mizugwe.

Asubuhi Felista aliamshwa na mlio wa tupa kwenye panga. Alipojifunga kanga na kutoka, ua ulikuwa mtupu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta. Alishuka akishikilia migomba, mdomo una ladha ya shaba, na kabla hajafika shamba la mama mdogo aliwasikia kaka yake na Maneno.

Anastasia hakukimbia. Alikuwa amesimama katikati ya mboga zake za liki na jembe mkononi, na Benedikto alipomkaribia, mama huyo ndiye aliyetangulia kupiga. Jembe lilishuka begani na mfupa ukalia kama kuni kavu. Benedikto akayumba. Maneno, aliyekuwa amezunguka nyuma, akampiga yule mama rungu nyuma ya magoti, naye akaanguka kifudifudi mferejini. Maneno akampiga tena kiunoni. Akampiga tena. Benedikto alihamishia panga mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa unaning'inia.

Felista aliteleza kwenye tuta, akajitupa juu ya Anastasia.

"Toka," Benedikto alisema.

"Sitoki. Ni ugonjwa, Beni. Umeizoea dawa. Wanaibadilisha."

"Anakula huyu. Amerudi tu, ameanza kukula. Toka."

Alidhani kaka yake hatashusha. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kupigwa na Benedikto hata kofi. Panga lilishuka likielekea kichwa cha Anastasia, na Felista akanyoosha mkono. Lilipasua nyama ya mkono mpaka kwenye mfupa, likakwama, na ikabidi Benedikto alivute.

Damu ilitoka na haikukoma. Zile dawa zilikuwa zimeifanya isigande upesi, ikawa inamwagika mferejini na kuchanganyika na maji ya mvua. Maneno alitupa rungu akakimbia. Benedikto alipiga magoti akanyoosha mkono wake wa kushoto ambebe, kama alivyozoea.

"Usiniguse," Felista alisema.

Anastasia ndiye aliyemfunga mkono. Alichana kanga yake kwa meno, akaizungusha juu ya kiwiko, akakaza kwa goti. Benedikto aliposogea, alichukua jembe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba safari hii atalenga shingo. Benedikto alikaa palepale kwenye matope mpaka watu walipofika na machela.

Hospitali, polisi walipomuuliza nani amemkata, Felista alimtaja kaka yake kwa jina lake na la baba yao, na akaanza tangu siku ya kuchomwa nyumba, hata chai ya kesho yake. Maneno alipokamatwa alimgeuka mwenzake, akatoa ushahidi, akaachiwa. Benedikto alifungwa. Kizimbani aliulizwa kama ana la kusema, akasema alichofanya alikifanya kwa ajili ya dada yake. Felista alitazama chini.

Alikwenda kwa Anastasia kumwomba radhi.

"Shikamoo, mama mdogo."

Anastasia hakuitikia. "Mkono wangu ulipovunjwa," alisema, "ulikaa na aliyeuvunja ukanywa naye chai." Akaendelea kupalilia.

Dawa mpya ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza. Felista alipopima tena, damu ikitolewa kwenye mkono uliokuwa mzima, kipimo kilikuwa kimeshuka. Siyo sana, Daktari Hafidha alimwonya, lakini kimeshuka. Felista alirudi Mizugwe, na kwa furaha akawaambia wanawake waliokuwa dukani.

Maneno alikuwa amekaa kwenye benchi la duka hilo. "Mnaona?" alisema. "Benedikto ametolewa hapa, damu ya dada yake imesafika. Kumbe mchawi tulikuwa naye."

Felista alingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama aliyekuwa akilifikiria jambo hilo siku nyingi.

Felista alikwenda moja kwa moja kwa Faraja, mke wa Benedikto, akamwambia aingize watoto ndani. Akachukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye paa, kwa kuwa lile jingine lilibaki polisi, akasimama mlangoni. Jua lilikuwa bado juu walipokuja, Maneno mbele na dumu la mafuta ya taa.

"Dada, tupishe. Uchawi wake kauacha humu ndani. Tunakusaidia wewe."

Felista alimpiga mdomoni kwa ubapa wa panga kabla hajafungua kinywa tena. Meno yalitoka. Maneno alipoinama kuyashika akampiga tena, kisogoni, na angeweza kugeuza makali. Mkono wenyewe ulitaka. Dumu lilianguka, mafuta yakamwagika kwenye vumbi. Wale waliomfuata Maneno walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakimtazama mwanamke asiye na nywele, kovu bado jekundu, anayepumua kwa shida.

"Aliyebaki aje," alisema.

Hakuna aliyekuja. Walimwinua Maneno wakaondoka naye, damu ikimchuruzika kidevuni.

Baada ya siku ile Felista aliendelea kushuka mjini kupimwa kila ilipotakiwa. Majibu hakumwambia mtu yeyote, yakiwa mazuri au mabaya.