Vidonge vya Paka wa Jibril

Jibril Salat, muuza vitambaa wa Kisii mjini, alikuwa na heshima zake mpaka paka wake Lulu alipopata mafua. Lulu alipiga chafya kutwa, macho yakagandana kwa tongo, chakula akakisusa. Mkewe Jibril, Fardosa, akampeleka kwa Mogaka, daktari wa mifugo.

"Hivi ni virusi vya jamii ya herpes, ile inayowapa watu malengelenge ya sehemu za siri," Mogaka alisema. "Paka huambukizana wenyewe kwa wenyewe, nyinyi hamna hatari. Asikaribiane na wenzake. Tafuteni famsiklovia, ni dawa ya watu, ila kipimo chake nitawapa mimi. Na msimpe asiklovia, hiyo ni sumu kwake."

Fardosa akampigia mumewe simu, naye akapitia duka la dawa, akaomba famsiklovia. Muuzaji, Persis, ana sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Ya malengelenge? Yamekutokea wapi, mzee?"

Foleni yote ikageuka kumtazama.

"Si mimi. Ni paka."

"Sawa," Persis akatikisa kichwa kwa huruma. "Juzi mwingine aliniambia ni ng'ombe. Chukua asiklovia, ndiyo wengi wanatumia."

"Hapana! Itamuua!"

"Itamuua nani?"

"Paka!"

Watu wakatazama chini, mabega yakiwatetemeka.

Jibril alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Jirani yao Nyanchera alikuwa sebuleni na ndizi mbivu za kumfariji Fardosa, na Fardosa, mtundu yule, alikuwa ameinamisha uso.

"Tunavumilia tu, dada. Kutwa amelala kochini. Anataka samaki peke yake, na nikimgusa ananiparura."

Nyanchera akashika mdomo.

"Fardosa! Mwambie ukweli!" Jibril alifoka mlangoni.

"Mbona huo ndio ukweli, Baba Zaki? Lete dawa."

Akamtoa Lulu chumbani, amezungushiwa taulo. Jibril akambana taya, Fardosa akasukuma kidonge. Lulu akakitema, kisha akapiga chafya iliyolowesha ndevu za Jibril. Nyanchera alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Vidonge viliingia siku zilizofuata, vikifichwa ndani ya samaki. Macho ya Lulu yakafunguka, chafya zikapungua, akaanza kupanda mapazia tena. Hapo Jibril akamtia kikapuni, akamtua juu ya kaunta ya Persis mbele ya wateja wote.

"Mgonjwa wangu huyu."

Persis akaona aibu, akacheka, akaomba radhi, na safari hii kwa sauti ya chini. Nje, Ondieki muuza viatu akamvuta Jibril kando.

"Mzee, hivyo vidonge... na mimi nina paka anasumbuka."

Ondieki hajafuga paka maishani mwake.

"Mpeleke hospitali huyo paka wako," Jibril akamwambia, "akaonwe na daktari wa watu."

Akaenda zake akicheka peke yake barabarani, Lulu akilia kikapuni, na wala hakujali nani anamtazama.