Mguu wa Nekesa na Maji ya Ngisi

"Bi Mishi, kitu kinachowaka chenyewe bila umeme kikishindwa kuponya, nini kitaponya?" Jirani yangu Jerusha aliniuliza hivyo mlangoni, hapa mtaani Manfuha, Riyadh, uso umemkunjuka kama bi arusi.

Nikamwambia, "Makaa nayo huwaka, Jerusha. Kajipake."

Dawa yenyewe maji ya ngisi. Silas, mpakia mizigo wa bandari ya Jeddah, alikuja nayo Riyadh kwa basi, ndani ya boksi la barafu. Msomi mmoja aliyebebewa masanduku na Silas alimweleza kuwa baadhi ya ngisi na samaki hukaa na bakteria wenye mwanga, na wataalamu wanawachunguza kama wataweza kuzuia wadudu wa magonjwa. Silas akasikia nusu, nusu ya pili akajaza mwenyewe. Pesa hakutaka, maskini; alitaka kuitwa daktari. Na wanawake wazima, wenye watoto kwao, wakamwita.

Aliyepakwa ni Nekesa. Alimtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, ikama yake ya ukaazi imekwisha, kisha akakanyaga kipande cha chupa. Hospitali aliiogopa kuliko kidonda: aliona ataulizwa karatasi, arudishwe Kenya mikono mitupu.

Nilipomaliza kuswali alasiri nikaenda kumtazama kwa Jerusha. Silas alikuwa ameshafunga mapazia ili tuone ajabu yake. Akatikisa chupa, akamimina. Mguu ukawaka buluu. Wallahi, uliwaka vizuri.

"Bwana asifiwe!" Jerusha akapiga vigelegele.

"Mnaona? Imeshika," Silas akasema. "Hawa bakteria ni askari. Kwenye kisahani cha maabara wadudu hawana pa kukimbilia."

"Kwani mguu wa Nekesa ni kisahani?"

"Mama, wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba. Na ngisi aliyeoza tulifundishwa kumtupa. Yalla, daktari, fungua pazia."

"Mwanga utapotea!"

"Na mguu utaonekana."

Nikafungua mwenyewe. Vigelegele vikakatika. Wekundu ulikuwa umevuka kifundo, unapanda muundi. Harufu nayo haikungoja giza. Tangu apakwe, Nekesa alikuwa akionyeshwa mguu wake gizani tu. Sasa akauangalia, akauangalia tena.

"Inatoa uchafu," Silas akasema. "Lazima uvimbe kwanza. Tone moja zaidi, halas, kesho—"

"Nekesa mwanangu," nikasema, "Mola hakukupa mguu wa akiba. Karatasi hutafutwa. Na kama ni kurudishwa, rudi unatembea, usirudi umebebwa."

"Wakimshika je?" Jerusha akadakia. "Na daktari keshasema kesho!"

"Daktari wako kesho anarudi Jeddah kupakia saruji."

Nekesa akavuta abaya yake, akaivaa palepale kitandani. Akanishika bega, akainuka. Silas akamnyooshea chupa. "Basi beba hii, ukawaonyeshe hao madaktari."

Nekesa akampita akichechemea, akatoka, mlango akauacha wazi.